Kiwi Kimoja, Viwi Viwili

Jumanne, saa tatu asubuhi, Dundee, mvua ya kulala upande.
Ishbel wa kliniki amepanda ngazi zetu hadi ghorofa ya nne,
amevua buti mlangoni bila kuambiwa,
ameketi kwenye zulia, fomu magotini.
Anauliza: ana maneno mangapi?

Maneno mangapi. Kama vile ni vikombe kabatini.
Namtazama Mwanaisha, Mwanaisha ananitazama mimi.
Jana usiku tuliyaandika nyuma ya bili ya gesi:
maji, mama, basi, hapana, hapana, hapana,
tukabishana kama hapana tatu ni neno moja au matatu.

Tunu hana habari na mtihani wake.
Amepewa vipande sita vya mbao ajenge mnara.
Amevilaza chini, kimoja nyuma ya kingine,
akavisukuma kwa kidole hadi uvunguni mwa kochi:
treni ya Arbroath imeingia handakini.
Kalamu ya Ishbel inaelea juu ya kisanduku,
haijui itue wapi.

Mama yangu, kwa simu kutoka Muheza, husema
samaki mkunje angali mbichi.
Nimekunja, mama. Nimebandika herufi kwenye friji,
nimenunua kadi za picha za wanyama,
nimesema "sema twiga, sema twiga,"
hadi twiga mwenyewe kaumwa na shingo.
Twiga hakusemwa.

Ila wiki iliyopita, namenya matunda,
macho mazito kwa zamu ya usiku,
nikamwekea kiwi kimoja sahanini, kisha cha pili.
Akavitazama. Akavuta pumzi.
"Viwi," akasema.
"Viwi viwili."

Nikafungua mdomo nimsahihishe.
Nikaufunga.
Nani kamfundisha? Si mimi.
Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo.
Amelitoa kwenye viatu tunavyovirusha mlangoni,
kwenye vijiko, vikombe, vitunguu,
kwenye maongezi yetu ya usiku tukidhani kalala;
sarufi nzima kaikunja, kaitia mfukoni,
akangoja siku yake.
Na Jumamosi, harusini kwa mtoto wa Morag wa chini,
wanaume wamejipanga nje ya kanisa,
magoti mekundu kwa baridi,
naye juu ya mabega yangu, kwa sauti ya mnadani:
"Baba! Vilti!"

Nilifurahi. Halafu nikaogopa.
Maana kama anaokota asichopewa,
basi sakafu yetu yote ni darasa,
na mimi ni mtu wa kudondosha ovyo.

Juzi kaweka kiatu sikioni.
Kakohoa kidogo, kikohozi changu hasa.
"Nipo njiani," akakiambia kiatu.
"Dakika tano. Nipo hapa kwenye taa."
Alikuwa amekaa kwenye poti.
Mwanaisha alicheka hadi akashika ukuta.
Mimi nilikwenda jikoni nikaosha sufuria safi.

"Basi tuseme hamsini?" anauliza Ishbel.
Namweleza habari ya viwi.
Kiingereza changu kinateleza, naazima mikono:
hiki, hivi, kimoja, viwili.
Anasikiliza. Haandiki kwenye kisanduku.
Anaandika pembeni, herufi ndogo ndogo,
mstari unapinda na kupanda ukingo wa karatasi.

Ameshuka. Ngazi bado zinanuka koti lake la mvua.
Simu inalia: Duncan wa kiwandani,
zamu imebadilishwa, nilitakiwa saa nne,
na saa nne imeshapita. Uko wapi?
Mguu mmoja una soksi. Chai haijaguswa.
Ulimi wangu tayari umeshawasha gari.

Uvunguni mwa kochi treni imesimama.

"Nipo nyumbani," nasema. "Bado sijatoka. Samahani."
Duncan ananiambia yake, na anayo mengi.
Nayapokea yote, simu mbali kidogo na sikio.
Kisha, taratibu, kwenye giza la uvungu,
kipande kimoja cha mbao kinagonga kingine,
na treni inaondoka.